Moto wa Nyumba ya Sinunui

Walimwita Sinunui, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake. Akipita muuza mkaa na mkokoteni, yeye hata hajaulizwa: "Sinunui!" Muuza mafuta ya taa: "Sinunui!" Muuza mboga, muuza mayai, muuza maji ya madumu, wote walipata jibu lilelile kutoka kibarazani, na mzee alilitoa kwa raha zake. Mwishowe wachuuzi waliacha kumsogelea. Wakifika usawa wa geti lake walikuwa wanacheka tu na kupita.

Na kweli alikuwa hanunui, tusimsingizie. Alikuwa fundi wa pampu kiwandani kwa miaka ishirini na saba, mtu wa spana na mabomba, na alianza kuijenga nyumba ile akiwa bado kazini, likizo kwa likizo. Aliweka sola juu ya bati na betri nne kwenye chumba cha peke yake. Alizungushia paa mifereji, na maji yote ya mvua yakawa yanaingia kwenye tangi la saruji. Halafu, nyuma ya zizi la ng'ombe wawili, alichimba shimo, akalijenga kwa matofali, akalifunika kwa kuba la saruji. Huo ndio ulikuwa mtambo wake wa gesi. Samadi iliyochanganywa na maji inamiminwa upande mmoja, inachacha humo ndani, gesi inapanda na kwenda jikoni kwa bomba, na tope linalobaki linatokea upande wa pili kustawisha mboga. Siku jiko lilipowaka kwa mara ya kwanza alikwenda ofisi ya umeme kuomba akatiwe. Karani alidhani mzee amekuja kulalamika kwamba umeme unakatika kila mara, akaanza kumwomba radhi.

"Hapana, mama," alisema Sinunui. "Mimi nataka ukatike moja kwa moja."

Miaka kumi na minane ikapita hivyo. Sifa zikaenea, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila mwaka mwalimu wa chuo cha kilimo alikuja na wanafunzi wake kuitazama nyumba isiyoomba mtu kitu. Sinunui alivaa shati la mikono mirefu, akashika fimbo ya kuonyeshea, akawazungusha: sola hii, tangi lile, kuku hawa. Wakifika kwenye mtambo alisema maneno ambayo mkewe aliyajua kwa moyo. "Huu, wanangu, unajiendesha wenyewe. Dakika kumi asubuhi, umemaliza." Halafu wanaingia jikoni, mkewe anawasha jiko, moto wa bluu unaruka, watu wanapiga makofi. Mkewe anatabasamu, anarudi kusimama mlangoni na mikono yake kifuani. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye swali.

Mtambo ule mkewe aliupa jina. Aliuita Mkwe. Alisema ni lazima Mkwe ale kabla hujala wewe, ale vizuri, na hata akikuudhi huwezi kumfokea. "Ngoja kwanza, Mkwe hajala," alikuwa akisema asubuhi mumewe akidai chai, na mzee alicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mke huyo aliumwa siku tisa tu. Siku ya kumi wakamzika. Lo, kifo hakina hodi jamani. Mzee aliyekuwa na jibu kwa kila mchuuzi alikaa kwenye kiti siku ya maziko bila neno hata moja, anatazama viatu vyake.

Binti yao, mtoto pekee waliyejaliwa, alikuwa muuguzi mjini, safari ya nusu siku kwa basi. Matanga yalipokwisha alimkalisha baba yake.

"Baba, twende kwangu. Huku utakaa na nani?"

"Nitakaa na nyumba yangu. Mimi namhitaji nani? Maji ninayo, taa ninazo, moto ninao."

"Moto alikuwa akiuangalia mama."

"Mama yako alikuwa anasaidia tu. Mtambo ule nimeujenga kwa mikono hii."

Wakavutana, mpaka binti akachoka. "Haya, baba. Moto ukiendelea kuwaka mpaka wanachuo watakapokuja, sitakusumbua tena, kaa kwako. Ukizimika, nakuja kukuchukua na hatubishani."

"Tumekubaliana," alisema mzee, na akampa mkono. Miezi miwili na nusu, mtambo wenye umri wa miaka kumi na minane. Aliona amemshinda mtoto kirahisi mno.

Asubuhi iliyofuata alikwenda zizini na ndoo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndoo mbili za samadi, ndoo mbili za maji, zote kwenye beseni la saruji lililo mdomoni mwa mtambo. Unainama. Unatia mikono mpaka kwenye viwiko. Unatoa majani makavu, unatoa vijiti, unatoa mawe, maana jiwe likiingia haliingii tu, linakaa. Unavunja mabonge moja moja mpaka iwe laini kabisa. Ndipo unafungua kizibo, inashuka. Kisha unaosha beseni, unakwenda upande wa pili kulizoa tope lisizibe. Mzee alianza jua linachomoza, na alipounyoosha mgongo kivuli cha zizi kilikuwa kimeshafupika. Alisema moyoni kwamba ni majonzi yanamchelewesha, na kwamba atazoea.

Hakuzoea. Wiki ya tatu alikuwa anaamka ameshika kiuno. Lakini hakukosa siku, hilo lazima tumpe. Wakati mwingine alilia palepale ameinama, machozi yanadondokea kwenye samadi, na hakuwa na mkono msafi wa kujifutia. Jikoni moto wa bluu uliwaka. Alipika uji wake, akaunywa amesimama, akajiambia kwamba marehemu bado yupo nyumbani kwake maadamu jiko lake linawaka.

Mwezi wa pili ng'ombe mmoja akavimba kiwele. Daktari wa mifugo alikuja na begi lake, akampima, akamchoma sindano, akarudi siku mbili zilizofuata kumalizia dozi. "Maziwa yake usinywe siku saba, mzee wangu," alisema, "yana dawa." Mzee alitii. Maziwa aliyamwaga yote, hata paka hakuonja. Na asubuhi, kwa bidii yake ileile, akaendelea kumlisha Mkwe.

Siku ya nane moto ulikuwa mfupi. Siku ya kumi ulikuwa unawaka na kukatika, ukitoa harufu ya yai viza. Siku ya kumi na mbili aliwasha kiberiti mara sita, njiti zote zikamwishia vidoleni.

Zilikuwa zimebaki siku kumi wanachuo waje. Akafanya alichokijua maisha yake yote, akatafuta kosa kwenye chuma. Alipaka povu la sabuni kila kiungo atazame panapotoa mapovu. Alifungua koki, akaisafisha, akairudisha. Alifukua bomba lote kutoka mtamboni mpaka ukutani, mzee wa miaka sitini na nane na jembe, siku mbili nzima. Bomba lilikuwa zima. Akazidisha samadi, ndoo tatu badala ya mbili, akidhani Mkwe ana njaa. Wapi!

Daktari alipopita kumwangalia ng'ombe alimkuta amekaa juu ya udongo aliofukua.

"Shikamoo, mzee wangu. Ng'ombe amepona, ila wewe ndiye unayehitaji daktari. Kulikoni?"

"Marahaba. Moto umezimika. Nimefungua kila kiungo, hakuna panapovuja."

Daktari alitazama zizi, akatazama beseni. "Samadi ya huyu mgonjwa ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Si hukohuko."

"Toka siku ya sindano?"

"Toka siku ile. Sikukosa hata asubuhi moja," alisema mzee, na masikini alilisema kwa fahari.

Daktari aliweka begi chini. "Mzee wangu, gesi hii inatengenezwa na vijidudu vilivyomo humo ndani. Na dawa niliyomchoma ng'ombe ni ya kuua vijidudu. Inatoka kwenye maziwa, inatoka kwenye samadi. Umewalisha sumu wafanyakazi wako."

"Sasa mbona hukuniambia!"

"Nilidhani unajua. Mama alikuwa anajua. Siku zote ng'ombe akichomwa sindano, samadi yake alikuwa anaitupa kule mwisho wa shamba, siku kumi na nne, anaulisha mtambo samadi ya ng'ombe mwingine tu. Mimi mwenyewe chuoni sikufundishwa hilo. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Na yeye alifundishwa na nani?"

"Alifundishwa na mtambo. Aliniambia ulimzimikia mwaka wa pili tu, kwa sindano hizihizi. Ulimchukua wiki tano kuurudisha. Alipita nyumba za majirani na karai kichwani, anaomba samadi."

Anaomba. Mzee alilisikia neno hilo likimshuka. Nyumba yake, isiyoomba.

Na hapo alikumbuka. Mwaka ule wa pili alikuwa bado kiwandani, anarudi mwisho wa wiki tu. Alimkuta mkewe ameinamia mafiga nyuma ya nyumba, macho mekundu, anapuliza kuni. "Nimetamani tu chakula chenye moshi, mume wangu," alisema. Wiki ile, na iliyofuata, na nyingine tena. Yeye alicheka mpaka akakohoa. Jumatatu akaenda kuwasimulia wenzake kiwandani: mke wangu ana gesi ya bure na anatamani moshi, wanawake bwana! Walicheka wote. Mkewe alikuwa anaificha aibu ya mtambo wake, yaani aibu ya mumewe, na yeye akaifanya kichekesho cha karakana. Daktari aliaga, akachukua begi lake.

Binti alikuja siku moja kabla ya wageni. Alishuka kwenye bodaboda na begi lake, na dereva akateremsha mtungi wa gesi wa dukani. Mzee alisimama mlangoni akautazama.

"Moto umezimika," alisema kabla hajaulizwa.

"Najua, baba. Daktari alinipigia." Binti hakuwa amekuja kumsuta. Aliuweka mtungi chini ya meza ya jikoni, akaunganisha mpira wake na bomba la jiko, akashusha pazia la kitambaa mbele ya meza. "Aibu yako ni aibu yangu. Kesho waonyeshe moto kama siku zote, wapige makofi yao. Wakiondoka tutafungasha, na hakuna atakayejua lolote."

Usiku kucha mzee aligeukageuka kitandani.

Wanachuo walifika asubuhi, ishirini na wawili, na mwalimu wao. Walimpa pole ya msiba, kisha safari ikaanza. Sola hii. Tangi lile. Kwenye mtambo alipita haraka, hakusema maneno yake. Walipojazana jikoni mwalimu alisema, "Haya mzee, tuonyeshe ule moto wako."

Alifungua koki, akapiga kiberiti. Moto wa bluu ukaruka, mzuri kuliko wote uliowahi kuwaka pale. Makofi yakalipuka. Binti yake, aliyesimama mlangoni, alishusha pumzi.

Mzee aliutazama moto ule kidogo. Akaona alivyosimama binti, mikono kifuani, mahali palepale. Akafunga koki. Makofi yakafa moja moja. Aliinama, akalivuta pazia, mtungi ukaonekana.

"Moto huu ni wa dukani," alisema. "Mtambo umekufa, na niliyeuua ni mimi. Niliulisha samadi ya ng'ombe aliyechomwa sindano, kwa sababu nilikuwa sijui. Na nilikuwa sijui kwa sababu kabla ya msiba sikuwahi kuulisha." "Wenzenu waliotangulia niliwaambia unajiendesha wenyewe. Uongo. Alikuwa anauendesha mke wangu. Mimi nilikuwa naendesha mdomo."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikohoa, hakujua pa kutazama. Binti alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Twendeni nje," alisema mzee, "niwaonyeshe kazi yenyewe, maana mlikuja kujifunza."

Akawapeleka kwenye beseni. Akakunja shati lake la wageni, akamimina samadi ya ng'ombe mzima, akainama, akatia mikono. Aliwaonyesha jinsi ya kutoa vijiti, jinsi ya kuvunja mabonge, jinsi ya kuujua ulaini kwa vidole. Msichana mmoja alimpa mwenzake daftari, akapiga magoti akajaribu. Alijaribu vizuri tu, kwa muda. Kisha akanyooka, mkono kiunoni, akauliza kwa heshima, bila nia yoyote mbaya:

"Baba, kwani hukuweka mpini? Chuoni tunao. Ni chuma kinasimama katikati ya beseni, chini kina mapanga, unazungusha umesimama wima. Kwa fundi kama wewe si kazi kubwa."

Mzee alibaki ameinama. Angeweza kusema lolote, na wangemwamini. Angesema chuma kilikosekana. Ukutani mwa karakana yake, hatua kumi kutoka pale, yalining'inia mabomba na mihimili ya pampu za kizamani aliyoyakusanya miaka yote.

"Aliniomba," alisema.

Watu walisogea wasikie.

"Mke wangu aliniomba mpini. Si mara moja. Nikamwambia mkono unatosha." Alitazama mikono yake iliyojaa tope. "Mkono wake."

Wageni waliondoka bila makelele. Binti alikaa kwenye ngazi za jikoni, kanga begani.

"Mama alikuwa ananipigia simu," alisema. "Kila mara ni mgongo. Nikawa namtumia dawa ya kuchua. Sikuwahi kuuliza mgongo unaumwa na nini."

"Ahadi ni deni, mwanangu," alisema mzee. "Moto umezimika. Nipe kesho asubuhi tu, halafu nitakufuata."

Kesho yake, binti alipokuwa anachemsha chai, alisikia msumeno wa chuma karakanani. Aliipua chai, akaifunika sufuria, akaenda chumbani kukunja nguo za baba yake na kuzipanga kwenye begi. Mashati. Suruali mbili za kazi. Sweta ambalo mama yake alilishona kiwiko. Msumeno ukanyamaza, nyundo ikaanza, nyundo ikanyamaza, zikafuata spana. Kisha alisikia anaitwa.

Katikati ya beseni ulisimama mhimili wa pampu ya zamani. Chini ulikuwa na mapanga manne ya bati nene, juu ulikuwa na mpini wa kuzungushia, usawa wa kifua cha mwanamke. Samadi na maji vilikuwa vimeshamiminwa.

"Zungusha," alisema mzee.

Binti alishika mpini kwa mikono miwili, akauzungusha. Akaachia mkono mmoja. Mabonge yalivunjika yenyewe, samadi ikawa laini mbele ya macho yao.

"Ni mwepesi, baba."

"Nilianza saa ngapi?"

"Sikuangalia saa. Nilikuwa nachemsha chai."

"Na sasa hivi ni saa ngapi?"

Binti alifikiri kidogo, na alipokwisha kufikiri alitamani asijibu. "Sijui, baba. Chai bado ya moto."

Mzee alikaa kwenye ukingo wa beseni. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kilio ambacho siku ya maziko hakikutoka. "Chai bado ya moto," alisema. "Miaka kumi na minane, mama. Chai bado ya moto." Binti aliendelea kuzungusha mpini, maana hakujua mikono yake aipeleke wapi.

Alipotulia binti alimuuliza: "Tunaondoka au tunabaki? Nikiomba ruhusa kazini watanipa wiki mbili."

"Sema wewe," alijibu mzee. "Mimi kwenye nyumba hii nimeshaamua vya kutosha."

Binti aliuachia mpini, akanawa mikono. Aliingia ndani, akazitoa nguo kwenye begi moja moja, akazirudisha kabatini.